Jezi ya taifa ni ya nani? Kilichotokea kwenye mashindano ya wadada huko Kigali

Tunaandika kutoka Kilwa, kando ya ziwa Mweru. Tangu vijana wetu waanze kucheza mpira wa wavu kwenye kiwanja cha nyuma ya kanisa, swali moja limerudi mara nyingi katika mazungumzo yao, na sasa wazazi nao wanauliza. Je, ni kweli kwamba mwaka 2021 nchi iliyoandaa mashindano ya Afrika ya wanawake ilitolewa katika mashindano hayo hayo, ndani ya uwanja wake yenyewe? Wengine wamesikia kwamba ilikuwa siasa. Wengine wanasema waliletwa wachezaji kutoka ng'ambo ya bahari kwa usiku mmoja. Habari za namna hii huongezewa chumvi kila zinapovuka mtaa. Tumeona vema tulieleze jambo hili kwa utaratibu, maana linatugusa sisi watu wa mpakani kuliko tunavyodhani: mtu ni wa wapi, na ni nani anayeweza kulithibitisha.

Ndiyo, ni kweli. Ilitokea Kigali, mji mkuu wa Rwanda, mwezi wa Septemba 2021, na wadada wa Kongo walikuwa miongoni mwa timu zilizoshiriki.

Kwa wazee wetu ambao neno wavu kwao ni la samaki tu, tuanze na mchezo wenyewe. Kiwanja kina urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, kimegawanywa katikati kwa wavu. Kwa wanaume wavu huwa juu mita 2 na sentimita 43, kwa wanawake mita 2 na sentimita 24. Kila upande una wachezaji sita. Mpira haupaswi kuanguka kwenu, na mnaruhusiwa kuugusa mara tatu kabla ya kuurudisha kwa wenzenu. Anayefika pointi 25 kwanza, akiwa amemzidi mwenzake kwa mbili, ameshinda seti. Anayeshinda seti tatu ameshinda mechi. Wakifungana mbili kwa mbili, seti ya tano huchezwa hadi 15. Hakuna kugongana miili, kwa sababu wavu unawatenganisha. Ndiyo maana wamama wengi waliokuwa na hofu kuwaruhusu mabinti wao kucheza mpira wa miguu hawasiti sana kwa mchezo huu.

Wasomaji wetu wa makanisa ya Kiprotestanti watapenda kujua pia mchezo huu ulitoka wapi. Ulibuniwa mwaka 1895 katika mji wa Holyoke, Marekani, na William Morgan, aliyekuwa mwalimu wa mazoezi katika Umoja wa Vijana Wakristo, ule unaojulikana kwa herufi YMCA. Alitafuta mchezo wa watu wazima waliotoka kazini wamechoka, ambao mpira wa kikapu uliwazidi nguvu. Kwa hiyo mchezo ulizaliwa katika nyumba ya vijana wa kanisa, nao ukasambaa duniani kwa sehemu kubwa kupitia nyumba za namna hiyo. Shirikisho la dunia, FIVB, liliundwa Paris mwaka 1947. Wanawake walicheza kombe lao la kwanza la dunia Moscow mwaka 1952, na tangu michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964 wamekuwa na nafasi yao huko pia.

Hapa Afrika, mashindano ya timu za taifa za wanawake yalianza mwaka 1976 huko Misri, na kwa miaka mingi sasa hufanyika kila baada ya miaka miwili. Nchi iliyonyakua kombe mara nyingi kuliko zote ni jirani zetu wa Kenya, wanaoitwa Malkia Strikers: mara kumi kufikia mwaka 2023. Kati ya mwaka 2017 na 2021 kombe lilihamia Kameruni, mara tatu mfululizo. Misri na Tunisia nazo zimewahi kulitwaa. Ushindi huo una thamani zaidi ya kombe. Mwaka 2021, timu mbili za fainali zilipata pia tiketi ya kwenda kombe la dunia la mwaka 2022, huko Uholanzi na Poland. Shirikisho maskini la Afrika likipata tiketi ya namna hiyo, hupata pia wafadhili, safari, na mechi dhidi ya wakubwa ambazo fedha zake lenyewe haziwezi kununua. Kwa hiyo tuelewe kishawishi kilikuwa kikubwa kiasi gani.

Mwaka huo zilikuja Kigali timu tisa, zikagawanywa katika makundi mawili. Katika kundi moja walikuwa wenyeji Rwanda, pamoja na Moroko, Nigeria na Senegal. Kongo yetu ilikuwa katika lile jingine, na wapinzani wazito kweli: Kameruni, Kenya, Tunisia na Burundi. Mechi zilichezwa katika uwanja mpya wa ndani, Kigali Arena, uliofunguliwa mwaka 2019, ambao unachukua watu kama elfu kumi. Dunia ilikuwa bado katika taabu ya korona, na kwa wadada wengi yalikuwa mashindano makubwa ya kwanza baada ya muda mrefu wa kukaa nyumbani.

Wenyeji walianza vizuri. Waliwashinda Moroko, kisha Nigeria. Ila katika timu yao walikuwamo wadada wanne waliozaliwa Brazili, nchi ambayo ni kati ya zile kubwa kabisa duniani katika mchezo huu. Nigeria ikapeleka malalamiko. Haikulalamika juu ya rangi ya wachezaji hao wala juu ya uzuri wa uchezaji wao. Ilisema kwamba hawana ruhusa ya kuichezea Rwanda kwa mujibu wa kanuni za shirikisho la dunia. Siku ambayo Rwanda ilikuwa icheze na Senegal, mechi haikuchezwa. Mashindano yote yakasimama, timu zikabaki hotelini zikingoja neno kutoka FIVB. Neno lilipokuja, lilikuwa zito: wachezaji wale wanne hawakuwa na kibali, na Rwanda ikatolewa. Mashindano yakaendelea bila wenyeji. Moroko na Nigeria, waliokuwa wameshindwa uwanjani, wakaingia nusu fainali, na mwishoni Kameruni iliishinda Kenya katika fainali.

Jambo halikuishia uwanjani. Vyombo vya sheria vya Rwanda vyenyewe vilifungua uchunguzi. Makamu wa rais wa shirikisho lao la mpira wa wavu alikamatwa na kuhukumiwa na mahakama ya Kigali kwa kosa la hati za kughushi. Alipewa kifungo cha miaka miwili, ambacho baadaye kilipunguzwa katika rufaa. Tunalisema hili kwa makusudi. Tunajua jinsi mioyo ya watu wetu ilivyo na uchungu juu ya yale ambayo mashariki ya nchi yetu imeyapitia, na tunajua kwamba wengine wataisoma habari hii ili wacheke. Lakini kosa lilikuwa la viongozi fulani wa mchezo, na waliohukumu ni mahakimu wa nchi hiyo hiyo. Anayetaka kuigeuza kuwa hadithi ya taifa zima ameacha habari yenyewe na kushika nyingine.

Sasa tuje kwenye kanuni, maana hapo ndipo vijana wetu wanapochanganyikiwa. Wengi hufikiri kwamba ukiwa na pasipoti ya nchi, basi unaweza kuichezea. Katika mpira wa wavu sivyo. Mchezaji anapoandikishwa mara ya kwanza katika shirikisho la nchi fulani, shirikisho hilo huwa ndilo shirikisho lake la asili. Tunaweza kulilinganisha na kanisa lililokubatiza: unaweza kuhamia mji mwingine na kuabudu huko miaka yote, lakini jina lako liko katika daftari la kule ulikoanzia, na ukitaka kuwa mshirika kamili mahali papya, barua hutakiwa. Mchezaji anaweza kwenda kucheza katika klabu za Uturuki, Italia au Japani na kulipwa vizuri, na asiache kuwa wa nchi yake. Kubadilisha timu ya taifa ni jambo jingine. Lazima awe na uraia wa nchi mpya, awe ameishi huko kweli na si kupita tu, shirikisho lake la asili lihusishwe, kisha FIVB yenyewe itoe kibali. Serikali inaweza kumpa mtu uraia kwa siku moja ikitaka, maana hiyo ni haki ya serikali. Kibali cha kucheza hakipatikani kwa siku moja.

Mfano mzuri wa njia iliyonyooka ni Melissa Vargas. Alizaliwa Kuba, akaichezea nchi yake akiwa bado binti mdogo, kisha akaenda kucheza Ulaya. Alipata uraia wa Uturuki mwaka 2021, lakini hakuvaa jezi ya taifa ya Waturuki mwaka huo wala uliofuata. Alingoja hadi mwaka 2023. Mwaka huo huo Uturuki ilichukua kombe la Ulaya, ikiishinda Serbia seti tatu kwa mbili katika fainali, na Vargas alikuwa mmoja wa nguzo zake. Upande wa wanaume, Wilfredo León, Mkuba mwingine, alingoja miaka kabla ya kuanza kuichezea Poland mwaka 2019. Fikirini mchezaji bora kabisa, mwenye nguvu zote za ujana, anakaa akitazama mashindano kwenye televisheni kwa sababu karatasi yake haijaiva. Inauma. Hata hivyo walipoingia uwanjani, hakuna aliyeweza kuwatoa.

Tuongeze jambo moja ambalo vijana huuliza: mbona makocha wanavuka mipaka bila shida? Ni kweli, kanuni haiwabani makocha. Paul Bitok, Mkenya, alifundisha timu za taifa za Rwanda kwa miaka mingi, na katika mashindano hayo ya Kigali ndiye aliyekuwa kocha wa wadada wa Kenya. Kenya nayo ilisaidiwa na kocha kutoka Brazili, Luizomar de Moura, ilipokwenda Olimpiki ya Tokyo. Kocha huleta ujuzi, na ujuzi hubaki kwa wadada wa nchi hata yeye akiondoka. Mchezaji wa kukodi huondoka na ujuzi wake. Kwetu sisi tofauti hiyo ndiyo kiini cha kanuni yenyewe. Kama nchi zingeruhusiwa kununua wachezaji, nchi yenye fedha ingenunua timu nzima, na yule binti aliyeamka saa kumi na moja kila siku kufanya mazoezi kabla ya shule angekaa kwenye benchi katika nchi yake mwenyewe.

Na hao ndio hasa tunaowahurumia katika habari ya Kigali. Katika timu ile walikuwamo wadada Wanyarwanda ambao hawakughushi chochote. Walikuwa wamefanya mazoezi, walikuwa wanacheza mbele ya wazazi wao, walikuwa wameshinda mechi mbili. Wakaambiwa wavue jezi. Hata wale Wabrazili wanne, hatuoni sababu ya kuwatukana. Walikuja kwa kuitwa. Aliyeandika karatasi hakuwa uwanjani akitoka jasho. Hivyo ndivyo udanganyifu wa hati unavyofanya kazi mahali pote, wala si katika michezo tu: anayetia sahihi hukaa ofisini, na aibu humwangukia asiyejua kilichoandikwa.

Wanafunzi wa Biblia kati yetu wamekumbuka habari ya Ruthu, na sisi tunaona inafaa kutajwa, kwa sababu baadhi ya watu husoma kanuni hii kama chuki dhidi ya wageni. Ruthu alikuwa Mmoabi, mgeni kabisa, naye akahesabiwa kuwa wa Bethlehemu hata akaingia katika ukoo wa Daudi. Lakini tazameni jinsi mambo yalivyofanyika. Alikaa. Aliokota masazo wakati wa mavuno ya shayiri na tena wakati wa mavuno ya ngano, watu wakamwona na kumjua. Kisha Boazi hakumchukua kimyakimya. Aliketi langoni, akawaita wazee kumi, akamwita na yule ndugu wa karibu zaidi aliyekuwa na haki ya kwanza, naye akaiachilia haki yake mbele ya mashahidi wote. Kukaa kwanza, mwenye haki ya kwanza kuachilia, na mambo kufanyika wazi. Sura ya nne ya kitabu hicho ina karibu kila kitu ambacho FIVB inadai kwa mchezaji anayehama. Mlango wa mgeni upo, ila uko langoni, mbele ya wazee.

Mbona tunasema jambo hili linatugusa sisi wa Kilwa? Simameni ufukoni asubuhi mtazame mashariki. Ng'ambo ya maji ni Zambia. Hata kisiwa kinachobeba jina letu, kisiwa cha Kilwa, ni cha Zambia. Mpaka huu ulichorwa katika mapatano ya mwaka 1894 kati ya Waingereza na Dola la mfalme Leopold, na hakuna mvuvi aliyeulizwa. Kwa hiyo nyumba nyingi hapa zina mjomba Nchelenge, shangazi Kashikishi, mtoto aliyepelekwa kusoma ng'ambo kwa sababu kule masomo ni ya Kiingereza, au bibi aliyekuja kuolewa huku akitokea kule. Lugha ni moja, samaki ni wale wale, hata nyimbo za ibada zinavuka ziwa bila pasipoti. Mtoto wa nyumba ya namna hiyo, akiwa na kipaji, ni wa nani?

Sheria inalo jibu, ingawa wengi hawalijui. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 2004 inasema mtoto ambaye mmoja wa wazazi wake ni Mkongomani ni Mkongomani tangu kuzaliwa, awe baba au awe mama. Lakini katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu na hauchanganywi na mwingine. Zambia, kwa upande wake, tangu ilipobadili katiba yake mwaka 2016 inakubali mtu kuwa na uraia wa nchi mbili. Hapo ndipo mtego ulipo kwa watoto wa ziwa. Kijana anaweza kuchukua hati za Zambia kwa ajili ya shule, akaona ni jambo dogo, kisha siku atakapoitwa na timu ya Kongo ikaulizwa ni raia wa wapi. Kule ng'ambo hawaoni tatizo. Huku kuna tatizo.

Tena hati zenyewe kwetu ni haba. Miaka mingi watu wengi wa Kongo wamejitambulisha kwa karte ya uchaguzi, kwa sababu kitambulisho cha taifa hakikupatikana. Cheti cha kuzaliwa ndiyo shida zaidi. Sheria inampa mzazi siku 90 baada ya kuzaliwa mtoto ili amwandikishe kwa ofisa wa serikali. Zikipita, mambo huhitaji mahakama, na mahakama huhitaji safari na fedha. Anayejua barabara ya kutoka hapa hadi Lubumbashi, hasa wakati wa mvua, ataelewa kwa nini wazazi huahirisha. Matokeo yake, binti wa miaka kumi na sita mwenye kipaji anapoulizwa cheti, kinatafutwa mtu wa kukitengeneza. Umri unapunguzwa miaka miwili ili aingie kundi la vijana, mahali pa kuzaliwa panabadilishwa, na wote wanaona ni msaada. Ule ulikuwa msaada wa namna hiyo hiyo uliowafukuza wadada wa Kigali.

Tuseme na lililo karibu zaidi, bila kutaja parokia ya mtu. Katika mashindano ya kati ya makanisa, ni mara ngapi tumeona kwaya ya vijana ikija na mshambuliaji mrefu ambaye hakuna aliyewahi kumwona Jumapili? Kombe lenyewe huwa ni mbuzi au seti ya jezi. Watu hucheka, na mwamuzi husema tuendelee. Sisi tungependelea daftari la wachezaji lifungwe wiki mbili kabla, lisomwe hadharani mbele ya timu zote, na malalamiko yasikilizwe kabla mpira haujarushwa. Kule Kigali malalamiko yalisikilizwa mashindano yakiwa yamekwisha kuanza, na gharama yake ilikuwa siku za kusimama, uwanja mtupu, na watu waliokwisha kununua tiketi.

Labda mtu atauliza: kama hakuna njia ya mkato, nchi isiyo na fedha itashindaje? Jibu tunaliona Kenya, nasi tunalisema ingawa si nchi yetu. Mataji yao manne ya mfululizo kutoka mwaka 1991 hadi 1997 hayakuletwa na ndege. Yalitoka katika shule za wasichana zilizochukua mchezo huu kwa uzito, kama vile Lugulu na Mukumu magharibi mwa nchi, na katika siku za karibuni Kwanthanze huko Machakos. Msichana akimaliza shule, huchukuliwa na timu ya taasisi inayomwajiri: idara ya magereza, kampuni ya bomba la mafuta, au benki ya KCB. Anacheza na ana mshahara, na akistaafu mchezo ana kazi. Hiyo ndiyo siri yao kubwa, wala haina uchawi. Wazazi hukubali binti acheze wakiona kuna maisha mbele.

Na hata hivyo hawajafika kileleni. Wameingia Olimpiki mara nne: Sydney mwaka 2000, Athens mwaka 2004, Tokyo na Paris. Hawajashinda mechi hata moja huko. Paris mwaka 2024 walikutana na Brazili, Poland na Japani, wakafungwa zote seti tatu kwa bila. Baadhi ya watu waliwacheka. Sisi hatucheki, tukijua kwamba nchi nyingi za Afrika hazijawahi hata kufika mlangoni. Mwaka uliofuata, katika kombe la dunia huko Thailand, lililokuwa na timu 32, wadada hao waliishinda Vietnam seti tatu kwa bila. Waliocheza siku hiyo walikuwa wadada wa Kenya, waliofundishwa katika shule za Kenya.

Rwanda nayo ilirudi. Mwaka 2023, huko Yaoundé, wadada wao waliingia tena katika mashindano ya Afrika na kufika nusu fainali. Kenya ndiyo iliyochukua kombe mwaka huo, lakini kwa wale waliovuliwa jezi Kigali miaka miwili kabla, kufika siku ile ya nne bora bila mtu wa kuwanyooshea kidole lilikuwa jambo kubwa kuliko medali.

Hapa kwetu katika jimbo la Haut-Katanga hatuanzii sifuri. Wadada wa TP Mazembe wa mpira wa miguu walichukua kombe la klabu bingwa Afrika mwezi wa Novemba 2024, huko Moroko, na tangu hapo hakuna mzazi wa Lubumbashi anayeweza kusema kwa moyo mweupe kwamba michezo si ya wasichana. Mpira wa wavu unahitaji vitu vichache kuliko ule wa miguu: uwanja mdogo, nguzo mbili, mpira mmoja, na wavu. Kuhusu wavu, wavuvi wa Kilwa hawahitaji kufundishwa namna ya kuufuma, ila wakumbuke tu kuupandisha mita 2 na sentimita 24 na si zaidi.

Kwa wazazi wa watoto wa pande mbili za ziwa, tunaweka hapa mambo ambayo vijana wetu walituomba tuyaandike wazi. Mwandikisheni mtoto ndani ya zile siku 90, kwa jina lake la kweli na mahali pa kweli, hata kama ni Nchelenge. Akizaliwa kule naye mzazi mmoja ni Mkongomani, hilo halimwondolei uraia wa Kongo; tunzeni hati inayoonyesha uraia wa huyo mzazi. Kabla ya kuchukua pasipoti au kitambulisho cha nchi nyingine kwa sababu ya shule, ulizeni kwanza mtu anayejua sheria, maana kifungu cha 10 hakijabadilika. Na binti akiitwa na kocha wa upande wowote, asitie sahihi karatasi ya shirikisho kwa haraka. Ile karatasi ya kwanza ndiyo itakayosema shirikisho lake la asili ni lipi, na kuibadili baadaye kutamgharimu miaka ya kungoja.